Upendeleo, taasubi, kasumba au mwelemeo: neno lipi kwa fikra iliyopinda?

Niliwahi kutafsiri kijitabu cha mafunzo ya wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya kata. Kilikuwa na sura nzima inayowaonya wajumbe juu ya makosa ya fikra yanayompata mtu anapopima ushahidi, na kosa la kwanza lilihitaji jina. Nikaandika "upendeleo wa uthibitisho". Nilikuwa nimelikuta mahali, lina sura ya kisomi, nikalipachika bila kulionja. Siku ya semina, wilayani Muheza, mjumbe mmoja mtu mzima akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hapa anayependelewa ni nani?"

"Si mtu, mzee. Kinachopendelewa ni uthibitisho."

"Uthibitisho unapendelewaje, mwanangu? Na huyo aliyenyimwa ni nani?"

Nikaeleza kwa dakika tano nzima: mtu akishaamini kwamba shamba ni la Juma, huokota kila dalili inayosema ni la Juma na kuziruka zile zinazosema si lake. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Aaa. Basi ungesema tu mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake, tukaendelea."

Ukumbi ukaangua kicheko na neno langu likafa palepale. Lakini usiku, nikiwa nyumba ya wageni, nikaona kwamba hata methali ya mzee, kwa utamu wake wote, haikulenga penyewe. Anayewamba ngoma anajua anachokifanya. Anavuta kwa kuwa anataka. Mjumbe wa mfano wangu, yule wa shamba la Juma, havuti kitu. Anaamini yu katikati kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapambanisha maneno haya mawilimawili. Kiingereza huyabeba mengi kwa neno moja fupi, bias, na mtafsiri akilifuata kichwa kichwa hujikuta ameandika "upendeleo" mara ishirini katika ukurasa mmoja. Kiswahili hakiviweki vitu hivi kwenye chungu kimoja. Kabla ya kuchagua mimi hujiuliza maswali mawili: upindaji umetokea wapi, na je, mwenyewe anajua?

Upendeleo na ubaguzi

Neno "upendeleo" limezaliwa na "penda". Ndiyo maana daima lina mtu anayenufaika: mtoto kipenzi, mpwa aliyepewa kazi, timu iliyozawadiwa penalti. Hufuatwa na "kwa", upendeleo kwa fulani. Kwa hiyo nikikuta katika ripoti maneno "upendeleo dhidi ya wanawake", na nimeyakuta zaidi ya mara moja, nasikia kama mtu anayesema "mahaba dhidi ya mke". Penye "dhidi ya", upendeleo hauna kazi.

Isitoshe, upendeleo si lazima uwe dhambi. Watu husema "nafasi za upendeleo" kwa wasichana au kwa wenye ulemavu na hakuna anayekunja uso. Ukiliita kosa la kufikiri kwa neno hilohilo, msomaji hajui kama unalaumu au unasifu.

"Ubaguzi" nao una shida yake: ni tendo. Kubagua ni kutenga, hawa huku, wale kule. Ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ulikuwa sheria, mabango na vitambulisho, haukuwa hisia tu za watu fulani. Mtu anaweza kuishi na chuki moyoni miaka sabini asibague, kwa kuwa hana cheo cha kumtengea mtu chochote. Na kinyume chake kipo pia. Dirisha la kulipia lililojengwa juu mno linambagua mtu wa kiti cha magurudumu, ingawa fundi aliyelijenga hamchukii mtu. Kwa jambo lililotendeka na kuonekana, chukua ubaguzi. Kwa jambo lililo kichwani, liache.

Taasubi, kasumba, mawazo mgando

Hapa ndipo Kiswahili kina utajiri ambao watafsiri wengi tunaupita kama abiria wa basi la usiku.

Mwanafunzi wa sekondari Kenya analijua neno "taasubi" tangu darasa la fasihi, kwa kuwa huandika insha juu ya "taasubi ya kiume" karibu kila muhula. Mwenzake wa Tanzania ataandika "mfumo dume". Watu hudhani ni maneno mawili ya kitu kimoja, lakini sivyo. Mfumo dume uko nje ya mtu: uko katika mirathi, katika mahari, katika nani anayekaa kiti gani kwenye kikao. Taasubi imo ndani ya mtu. Mfumo dume unaweza kumbeba hata mwanamume asiye na taasubi, akarithi shamba lote bila kuwadharau dada zake hata siku moja.

Kwa asili ya Kiarabu, taasubi ina undugu na maneno ya ukoo na kundi la damu, na harufu hiyo haijaitoka. Ni kung'ang'ania upande wako kwa kuwa ni wako, kabla ushahidi haujaingia mlangoni. Kwa maoni yangu hakuna neno linaloikaribia zaidi hukumu iliyotolewa kabla ya kesi. Nalitumia kwa moyo mweupe ninapoandikia Wakenya. Kwa msomaji wa Mbeya au Kigoma nasita, maana huenda akalisikia kama neno la mhadhara wa dini. Kasoro yake nyingine ni kwamba mwenye taasubi kwa kawaida anajijua, hata hujisifia. Halimfai yule anayeapa kwamba hana upande.

"Kasumba" ni mnyama mwingine. Kabla ya kuingia kwenye hotuba za siasa, kasumba ilikuwa afyuni, kilevi kinachompumbaza mtu akaona mambo shwari. Picha hiyo bado inalifanyia neno kazi. Mtu hajichagulii kasumba, amelishwa. Ndiyo maana tunasema "kasumba ya kikoloni", na siku hizi "kuna kasumba ya kudhani nguo ya mtumba kutoka nje ni bora kuliko ya kiwanda cha hapa". Kati ya maneno yote ninayoyalinganisha, hili pekee linamlaumu mlishaji zaidi ya mlaji, nami nalithamini kwa sababu hiyo. Mtu akidharau lugha ya bibi yake kwa kuwa shule ilimvisha kibao shingoni alipoizungumza, hana taasubi. Ana kasumba. Na kasumba hutoka, kama ulevi unavyotoka. Husemwa "kuondokana na kasumba", wakati taasubi huvunjwa au hukemewa.

Lakini usilitumie kwa kituko cha mtu mmoja. Jirani yangu haamini fundi yeyote mwenye ndevu. Hiyo si kasumba, hakuna aliyemlisha.

"Mawazo mgando" limetoka kwenye maziwa, na ni neno zuri la mtaani na la jukwaani pia. Linasema fikra imeganda. Halisemi imegandia upande gani. Binamu yake ni "kukariri": kijana atamwambia mwenzake "usikariri maisha", akimaanisha usidhani kanuni uliyoishika jana inatosha kwa mtu wa leo. Hilo ndilo ninalolitumia kwa ile tabia ya kumsoma mtu kwa kabila, kazi au mavazi yake. "Umewakariri watu wa bara" ni sentensi ambayo kila mtu anaielewa, na ni fupi kuliko "una dhana potofu iliyojengeka kuhusu watu wa bara".

Kuhusu hiyo "dhana potofu", tahadhari moja. Dhana ya zamani, ile iliyomo katika aya ya 12 ya Surat al-Hujurat inayotaka watu wajiepushe nayo, ni kudhani, na mara nyingi kudhani vibaya. Dhana ya vyuoni ni wazo lenye fasili yake: dhana ya uhuru, dhana ya soko. Ukimwandikia mhadhiri "tabia ya dhana" ataelewa kitu kimoja, na shangazi yake wa Pangani ataelewa kingine. Kwa shangazi, "kumdhania mtu" kunatosha kabisa. "Kushuku" ni jirani yake, na "tuhuma" huja pale dhana ilipofunguliwa mdomo. Sina zaidi la kusema hapo.

Unazi, au nani aliona penalti

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo Dar es Salaam haijawahi kukubaliana kuhusu refa. Shabiki wa kupindukia huitwa mnazi, na hali yake ni unazi. Nalitaja kwa sababu ndilo neno letu pekee linalokiri kwamba upande unaweza kuyabadili hata macho.

Marekani walilifanyia jambo hili uchunguzi. Mwaka 1951 vyuo vya Dartmouth na Princeton vilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani, ikawa na vurugu na watu wakavunjika. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile ya mechi na kuwataka wahesabu rafu. Wanafunzi wa Princeton waliwaona wachezaji wa Dartmouth wakicheza rafu zaidi ya mara mbili ya walizoziona kwa timu yao. Wale wa Dartmouth, kwa filamu hiyohiyo, waliona pande mbili zikikaribiana. Matokeo yalichapishwa 1954. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kibanda umiza mechi ya watani wa jadi ikichezwa angeweza kuwaeleza mapema, kwa bei ya kahawa na kashata.

Unazi unafaa pale penye timu: chama, klabu, kanisa, kampuni ya simu. "Ukereketwa" ni ndugu yake wa kisiasa, ila ukereketwa unamsifu mwenyewe. Mkereketwa wa chama hutambulishwa kwa makofi, mnazi hutaniwa.

Mwelemeo, pale pasipo na mtu wa kulaumiwa

Sasa turudi kwa yule mjumbe wa mfano wangu wa Muheza, ambaye hapendelei, habagui, hana taasubi, hajalishwa kasumba na si mnazi wa mtu. Fikra yake bado imepinda. Tumwiteje?

Chukua jaribio ambalo wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilieleza 1974 katika jarida la Science. Watu waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kabla ya kujibu, gurudumu la bahati lilizungushwa mbele yao. Lilikuwa limechezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Waliopata 10, makadirio yao ya katikati yalikuwa 25. Waliopata 65, yalikuwa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, na watu walijua kwamba halijui, lakini namba ilikwishatia nanga. Hapa nani amependelewa? Hakuna. Nani amechukiwa? Hakuna. Muuza viatu wa Kariakoo anayeanza na elfu themanini ili umshukuru akikupa kwa arubaini na tano anaifahamu nanga hiyo bila kusoma jarida lolote. Yeye lakini ana nia. Gurudumu halikuwa nayo.

Kwa hali hii Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kuchagua. "Kufungamana" tumekikabidhi kwa mabalozi: nchi zisizofungamana na upande wowote. "Kuegemea" ni kujilaza juu ya kitu kwa hiari, kama mtu anavyoegemea ukuta. Gazeti linaegemea chama, mwandishi mzuri haegemei upande. Aliyeegemea anajua alipoegemea, au anapaswa kujua. "Kuelemea" ni suala la mzigo. Mtu wa baiskeli aliyepakia magunia ya mkaa, gunia la kushoto likiwa zito kidogo, ataelemewa kushoto njia nzima. Mwili wake utafidia bila yeye kufikiri, na ukimuuliza atasema anakwenda wima. Huyo ndiye mjumbe wangu.

Kwa hiyo: kuegemea kwa magazeti, mahakama, wasimamizi wa uchaguzi. Kuelemea, na jina lake "mwelemeo", kwa fikra na kwa takwimu. Wanatakwimu wanalihitaji kuliko mtu yeyote. Mizani ya kununulia korosho inayopunguza kilo mbili kila mara ina mwelemeo, na hata ukipima gunia mara mia na kutafuta wastani, zile kilo mbili hazirudi. Mizani inayoyumba, mara juu mara chini, ina kosa la namna nyingine, nalo wastani hulipunguza. Kama kuna aliyeichezea ile ya kwanza, hilo ni la Wakala wa Vipimo na polisi. Lakini mizani inaweza kuelemea kwa kutu tu.

Kasoro za mwelemeo nazijua, nimeishi nazo. Herufi moja inalitenga na "mwelekeo", na programu ya kuandikia hulisahihisha kila ninapogeuka. Halijazoeleka. Msomaji wa kwanza ataomba maelezo. Hata hivyo nalichukua, maana halimtafuti mchawi.

Methali: zipi zinalenga, zipi zinalenga pembeni

Mzee alikuwa na hoja. Kwa mazungumzo ya ana kwa ana, methali hushinda istilahi. Ila lazima zipimwe moja moja, kwa sababu baadhi zinasema sicho unachotaka.

Inayolenga shabaha kabisa ni "Nyani haoni kundule". Emily Pronin na wenzake walionyesha 2002 kwamba watu huona mielemeo ya wenzao wazi kabisa na kujiona wao wamesalimika nayo. Sina la kuongeza wala la kupunguza, methali imemaliza kazi.

"Ukipenda, chongo huita kengeza" inakaribia. Edward Thorndike aligundua 1920 kwamba maofisa wa jeshi wakimpa askari alama nzuri kwa umbo lake, humpa nzuri pia kwa akili na tabia, kana kwamba sifa moja imemwagikia nyingine. Katika methali, chanzo ni mapenzi. Katika uchunguzi ule, haikuhitajika mtu ampende askari. Sifa moja tu iliziambukiza nyingine. Kwa hadithi ya wachumba itumie. Kwa usaili wa kazi, sema wazi: "nguo nzuri zimempa alama za hesabu".

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka" ni nzuri kwa ile hali ya kukadiria hatari kwa kipimo cha tukio linalokuja upesi kichwani. Baada ya ajali ya ndege kutangazwa, watu huogopa ndege na kupanda basi. Methali hata hivyo inahusu aliyeumwa mwenyewe. Siku hizi simu hutung'ata sote kwa nyoka wa watu wengine.

Kisha kuna methali zinazopingana na wanasaikolojia waziwazi. "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyakoga." Tunaisema kwa sifa, tukimtia mtu moyo asirudi nyuma. Hal Arkes na Catherine Blumer, 1985, walitoa tiketi za msimu za ukumbi wa maigizo, wengine kwa bei kamili na wengine kwa punguzo bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa maigizo yalikuwa yaleyale na pesa ilikwishakwenda. Wao wanaliita kosa: pesa iliyozama isikuamulie unachofanya leo. Ukiwa unamfundisha mfanyabiashara aachane na daladala linalomla kila wiki, methali hii itakuangusha. Chukua "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi", ingawa nayo si yenyewe hasa.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza" ndiyo inayonichekesha. Haielezi kosa la fikra. Yenyewe ndiyo kosa. Ni kuupima mtungo mzima kwa samaki mmoja. Mvuvi halisi huchagua.

Na kwa ile tabia ya kujiona ulijua tangu mwanzo, ambayo Baruch Fischhoff aliichunguza 1975, watu hukimbilia "Majuto ni mjukuu". Hapana. Majuto ni ya anayesema "ningejua". Huyu wetu anasema "nilijua tu!", tena kwa sauti, matokeo yakishatangazwa. Nimezoea kuliandika hivyohivyo, "ugonjwa wa nilijua-tu", na hakuna mhariri aliyewahi kulikata.

Macho yanapodanganyika

Kundi la mwisho linachanganywa kuliko yote, na hapa kuchanganya kuna madhara, kwa sababu baadhi ya maneno haya huandikwa kwenye kadi za wagonjwa.

Mchana wa jua kali kwenye lami ya Chalinze kwenda Segera, utaona mbele maji yanayong'aa ambayo hayafikiwi. Hayo ni mazigazi. Watu wa pwani na wasomi wa dini husema pia sarabi. Hewa ya moto juu ya lami inapinda mwanga, basi. Kila aliyemo garini anayaona, na kamera inayapiga picha. Hakuna aliyepotoka. Kwa hiyo kusema "ana mazigazi" juu ya mgonjwa ni kosa: mazigazi hayana mwenyewe.

"Mazingaombwe" na "kiini macho" yana mwenyewe, tena anayelipwa. Tulipokuwa shule ya msingi alikuja mtu na sanduku, tukachanga shilingi, akageuza karatasi kuwa noti, na tukatoka tukijiuliza kwa nini alihitaji michango yetu. Leo kiini macho limehamia kwenye siasa. Zabuni ya kiini macho ni ile iliyokwisha pangwa. Pana mdanganyaji na mdanganywa.

Sasa ile michoro ya vitabu vya saikolojia, kama mistari miwili ya Franz Müller-Lyer ya 1889, iliyo sawa kwa urefu lakini mmoja unaonekana mrefu kwa sababu ya mishale ya mwishoni? Si mazigazi, maana mwanga haujapindwa. Si mazingaombwe, hakuna tapeli. Nachagua "hadaa ya macho", kwa kuwa anayehadaa ni jicho na ubongo wake. Na ajabu yake ni kwamba hadaa hii haiwapati watu sawasawa. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha vipimo vya jamii nyingi, nyingi zikiwa za Afrika: Wamarekani wa mjini Evanston walihadaika sana, na Wasan wa Kalahari walikuwa kati ya waliohadaika kidogo kuliko wote. Watafiti walidhani kuishi ndani ya vyumba vya pembe mraba kunalizoesha jicho kusoma pembe kama umbali. Sababu hiyo imebishaniwa, tofauti yenyewe ipo.

"Maluweluwe", au maruweruwe kama wengine wanavyotamka, ni kitu kingine kabisa. Mtoto ana homa kali ya malaria, anaonyesha kidole kwenye ukuta mtupu na kulia. Anaona kisichokuwepo, na hakuna mwingine anayekiona. Hilo ndilo neno la kitabibu tulilo nalo na lina heshima yake. Lakini kwenye dodoso la kliniki sikulitumia. Mtu hatakubali kwa urahisi kwamba "huona maluweluwe", ni kama kumuuliza kama ana kichaa. Niliandika: "Je, umewahi kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavisikii wala hawavioni?" Ni ndefu, inajibika.

"Njozi" usimpe mgonjwa. Njozi ni ndoto yenye ujumbe, ya washairi na wacha Mungu, na "maono" yamekwisha chukuliwa na makanisa pamoja na mipango mikakati ya mashirika, sijui nani alianza.

Pabaya kuliko pote ni "imani potofu". Wapo wanaolitumia kwa mgonjwa anayeamini kwa dhati kwamba redio inamzungumza yeye, au kwamba mkewe amebadilishwa na mtu mwingine. Lakini kwa Mtanzania wa kawaida imani potofu ni ushirikina. Ndilo neno la vyombo vya habari walipokuwa wakiripoti mauaji ya watu wenye ualbino. Ukiliandika kwenye kadi, ndugu wa mgonjwa watasoma "uchawi", na hatua inayofuata watakuwa wamempeleka kwa mganga badala ya kurudi kwa daktari. Hapo sina neno moja la kukupa. Andika kwa maelezo: anaamini jambo lisilo la kweli, na haachi hata akionyeshwa ushahidi.

Kijitabu cha mabaraza nimekiandika upya mara mbili. Palipokuwa na "upendeleo wa uthibitisho" sasa pana "tabia ya kuokota yanayokubaliana nawe na kuyaruka mengine", na chini yake nimeweka jaribio la Peter Wason la 1960: watu walipewa 2, 4, 6 na kuambiwa wavumbue kanuni. Wengi wakadhani ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo, ndiyo, wakatangaza jibu na kuambiwa hapana. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wachache tu ndio walioanza kwa kujaribu kulivunja wazo lao wenyewe, 3, 2, 1 kwa mfano, au 5, 9, 40.

Mhariri amenirudishia akitaka neno moja mahali pa maneno manane. Nimempa "mwelemeo wa kuokota". Ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mwelekeo?"